Maji ya Mgeni

Kila nilipokutana na wale watu watatu, kabla sijavua viatu, nililetewa maji. Iwe arusini, iwe msibani, iwe nimesimama tu kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni ya Tabora na wao wakatokea, maji yalitafutwa. Aliyeyaleta alikuwa mchekeshaji wao, kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kama mke mpya mbele ya wakwe, na alisema kwa sauti ya kufika meza ya tatu: "Karibu mgeni. Kunywa maji yako, uendelee na safari." Wenzake wawili walicheka. Watu wasiojua lolote nao walicheka, maana kicheko cha watu wale kinaambukiza. Mimi nilipokea, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikarudisha kikombe na kusema asante.

Kwa miaka sita nilifanya hivyo, na sikumbuki kuwa na kiu hata siku moja.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko mtaa wa nyuma ya soko, na kazi yangu ni vitanda, makabati na milango ya mninga. Nyuki nilikuwa nawajua kwa kuumwa tu. Watu wale walinijia kuagiza mizinga ya mbao, kwa sababu ile ya magome waliyorithi kwa baba zao ilikuwa imeanza kuwaletea maneno na watu wa misitu. Niliitengeneza, wakaja kuichukua, wakaniambia niende nao nikaione inavyotundikwa. Nikaenda kwa siku mbili, nikakaa wiki mbili. Mke wangu aliniuliza kama nimeoa huko porini. Msimu uliofuata nilikuwa mtu wa nne wa kambi, na kitanda cha bwana harusi mmoja kilichelewa kwa ajili hiyo.

Kambi yao iko mbali ndani ya msitu upande wa Kaliua. Unashuka treni, unapanda baiskeli, halafu unafika mahali ambapo baiskeli nayo inakuwa mzigo. Mkubwa wa kambi ni mtu mzima ambaye sisi wengine tunamwamkia shikamoo hata tukiamka naye hema moja. Anakumbuka kila mzinga kwa mti wake, ila jina la mkwewe anasahau. Wa pili ni huyo mchekeshaji. Wa tatu ni mdogo wake mchekeshaji, baba wa watoto wanne, mtu wa kusoma kila kitu chenye maandishi, hata mfuko wa mbolea.

Hao watatu ni Wanyamwezi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa mjini Tabora, na mama yangu alikuwa Mzaramo aliyekuja na treni kuolewa, akakaa mpaka akazikwa. Kwa hiyo mimi ni mtani wao wa damu, utani wa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo mabegani wakapokewa na Wazaramo kwa chakula na matusi. Mama aliujua utani kama alivyoujua ukili wake wa kushonea mikeka. Mnyamwezi yeyote akifa mtaani kwetu, mama alikwenda msibani, akavaa kofia na koti la marehemu, akatembea kama marehemu alivyokuwa anatembea, akadai chai kama marehemu alivyokuwa anadai. Wafiwa walilia na kucheka kwa pamoja. Halafu wakamrudishia: wakamfungia jikoni, wakampaka unga, wakamwita mla papa. Mama alirudi nyumbani mweupe kama mzuka, amefurahi.

Mimi nilikuwa najificha nyuma ya mlango kwa aibu. Nililelewa kuwa na adabu za baba, mtu aliyepima kiuno cha mteja bila kumtazama usoni. Utani nilirithi kwa jina tu. Kuujibu sikuwahi kujifunza, na ndiko yote haya yalikoanzia, ingawa mimi nilikuwa nadhani yalianzia kwingine.

Nilidhani yalianzia siku ile ya askari.

Kuingia msituni kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji mtu wa kwenda ofisini kukihuisha. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ndiyo kazi pekee waliyonipa. "Wewe ndiye wa mjini, unajua kuongea na madirisha," mkubwa alisema. Kibali kiliisha wakati nikiwa na kazi ya makabati ya nyumba mpya. Nikasema kesho. Kesho nikasema Jumatatu. Safari ikafika, karatasi iko karakanani chini ya kopo la vanishi, na mimi nikapanda treni na wenzangu bila kuwaambia. Nilijidanganya kuwa hakuna mtu atakayetufuata kule.

Walikuja siku ya tano, saa nne asubuhi. Askari wa msitu wanne, wamechoka, wamekasirika kwa sababu ya kutembea. Mimi nilikuwa nimetoka kukata fito, sina jasho la nyuki wala harufu ya moshi, na nimevaa shati langu la safari kwa sababu lingine lilikuwa limeanikwa. Mchekeshaji alikuwa ndio kwanza amenikabidhi kata ya maji. Wenzangu wakaulizwa kibali. Mkubwa akasema kipo mjini. Wakaambiwa wakae chini, mikono kichwani. Wakakaa.

Kisha askari mmoja akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nimesimama na kata mkononi.

"Na wewe? Uko na hawa?"

Sikufikiri. Watu wakisema hivi huwa siwaamini, lakini ni kweli, sikufikiri. Mdomo ulitangulia. "Hapana, afande. Mimi napita tu. Nimeomba maji ya kunywa."

Askari hakuniamini mara moja. Aliwatazama wale watatu pale chini. Na hapo ndipo mchekeshaji, mikono yake kichwani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ni kweli, afande. Ni mgeni. Mwache anywe maji yake aendelee na safari."

Mkubwa alitazama chini. Mdogo mtu alinitazama mimi. Nikanywa. Nakumbuka maji yale yalikuwa na ladha ya kibuyu. Nikaiweka kata juu ya gogo taratibu, kana kwamba nikiivunja ndipo nitakuwa nimekosea, nikashika njia.

Walilala ndani siku sita. Asali ilichukuliwa, baiskeli zilichukuliwa, na kwa siku zote hizo waliulizwa nani anashika karatasi zenu huko mjini, wakasema karatasi zilipotea. Hakuna aliyetaja jina langu. Haya nilikuja kuyasikia baadaye kwa mdogo mtu, na sikumwomba anisimulie.

Walipotoka nilikwenda kwao. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kupigwa, kufukuzwa, kutemewa mate, hata kuitiwa wazee. Mimi nilitaka hayo, niseme ukweli. Nilikuwa nimevaa nguo za zamani makusudi, zisije zikachanika za maana. Nikafika, nikabisha hodi, na mchekeshaji akatoka na bakuli la maji kwa mikono miwili. "Karibu mgeni," akasema. "Kunywa maji yako, uendelee na safari."

Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. Nikanywa. Nikasema asante. Nikajaribu kuomba msamaha, nikaanza, "Jamani, mimi siku ile," na mchekeshaji akanikatiza akauliza kama mgeni anahitaji na ugali. Nikaondoka pale na msamaha wangu wote tumboni pamoja na yale maji.

Hebu fikiria kukosea watu kiasi hicho, halafu wakakunyima hata ugomvi. Nilikuwa naamka asubuhi nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Nilizikasirikia mbao. Nilimkasirikia mteja aliyetaka droo nne badala ya tatu. Mke wangu alisema, "Kama wamesahau, wewe unatafuta nini?" Nikamwambia hawajasahau, wananikumbusha kila tukionana. "Basi kama wanakumbuka na bado wanakupa maji, wewe unatafuta nini?" Nikatoka nje kwenda kupiga randa ubao uliokwishapigwa randa.

Kambini sikurudi tena. Kwenye misiba na arusi zao nilikwenda, kwa sababu ningeona ni kosa jingine kutokwenda. Lakini msimu ulipofika na wakanipigia simu, nilikuwa na kazi. Msimu uliofuata nilikuwa na mgongo.

Sasa nieleze kuhusu mbeba vibuyu, nalo ni jambo la kunitia aibu kwa mtu wa umri wangu.

Nilipokuwa kijana kulikuwa na mchezo wa redio ambao mtaa mzima uliusikiliza. Ulihusu wapagazi wanne waliotoka Ujiji na pembe za ndovu kwenda pwani. Walipofika Tura, kabla ya kuingia Mgunda Mkali, lile pori lisilo na maji ambalo misafara yote iliogopa, mmoja wao alitoroka na vibuyu vyote vya maji. Mchezo uliendelea na wale watatu waliobaki. Waliteseka, wakafika, wakarudi. Mbeba vibuyu hakutajwa tena. Kwa waandishi wa mchezo alikuwa amekwisha kazi yake.

Miaka miwili baada ya siku ya askari niligundua kuwa kuna kundi kwenye simu la watu wanaoukumbuka mchezo ule. Wanaandika yale ambayo redio haikuyasema. Mmoja anamwoza mpagazi mkubwa kwa binti wa Mgogo, mwingine anawapeleka wote Unguja. Msimamizi wa kundi ni mwanamke mmoja wa Lusu, huko Nzega, mkali kuliko mwalimu wa zamu. Hakuna anayemjua mwenzake kwa sura. Niliingia kusoma tu. Baada ya wiki nilikuwa nimeanza kuandika, kwa kidole kimoja, nimekaa juu ya benchi la kazi, vumbi la mbao likiingia kwenye kioo cha simu. Niliandika kilichompata mbeba vibuyu.

Nia yangu ilikuwa ndogo. Nilitaka mtu yule apate kulala usingizi. Nilitaka nimfikishe mahali aseme, haya, nilifanya, na bado mimi ni mtu. Basi.

Alinishinda. Katika hadithi ya kwanza alirudi kwa wenzake akapiga magoti, wakampiga, akashukuru. Katika ya pili walimtemea mate, akashukuru. Katika ya tatu niliwafanya wamsamehe kwa hotuba ndefu, lakini usiku akajiona hastahili, akaenda zake. Katika nyingine alifanya kazi ya punda kwa watoto wao miaka ishirini bila kusema yeye ni nani. Katika nyingine alikufa, nikafurahi kwa siku moja, halafu nikaona kufa ni kutoroka mara ya pili, nikaifuta. Niliandika hadithi kumi na moja. Wenzake mbeba vibuyu siku zote walikuwa watu wa nyuso za mawe, wanaongea kama mahakimu. Yeye siku zote alikuwa kimya.

Watu wa kundi mwanzoni walinipa pole na vile vikatuni vya kulia machozi, jambo lililonikera kwa sababu hawakuwa wanajua wanampa nani pole. Kisha wakachoka. Msimamizi alinitumia ujumbe wa sauti mbele ya watu wote: "Mwandishi, huyu mtu wako anachosha. Kila siku analetewa msamaha mlangoni na hapokei. Anataka aombwe yeye?" Nilikasirika, nikakaa wiki mbili bila kufungua simu ile. Nikajiambia yule mama hajui chochote kuhusu hatia, anajua kusimamia tu.

Kisha mdogo mtu akaja karakanani.

Alileta mfuniko wa mzinga uliopinda. Akakaa juu ya magogo, akasubiri niupime, akanisifia gundi mpya niliyotumia. Halafu akasema, akitazama pembeni, "Ile ya kumi na moja siyo nzuri kama ya tano."

Nikauliza, ya kumi na moja nini.

"Mbeba vibuyu."

Randa ilinitoka mkononi. Akaeleza bila haraka kwamba yuko kwenye kundi lile tangu zamani, na kwamba alinitambua kwenye hadithi ya pili, pale nilipoandika kuhusu kata iliyowekwa juu ya gogo. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwomba asimwambie kaka yake.

"Kaka ninamsomea," akasema. "Na mkubwa. Kambini tunakaa jioni wananiambia haya, soma ya yule bwana. Wamezisikia zote."

Zote. Niliwafikiria wamekaa kuzunguka moto, wanasomewa magoti yangu na machozi yangu. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, wanasemaje.

"Mkubwa anauliza kwa nini wale watatu hawacheki. Anasema hajapata kuona kambi ya Wanyamwezi isiyo na kicheko katika hadithi zote kumi na moja." Akachukua mfuniko wake. "Kaka amekasirika. Atakuja mwenyewe."

Alikuja kesho yake, kabla sijafungua vizuri. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakuuliza maji yako wapi. Alisimama katikati ya karakana, mtu mfupi, mikono kiunoni, na sikumjua, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona bila mzaha usoni.

"Mwangaluka," nikasema, nikimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Niache na mwangaluka yako. Mama yako alikuwa nani?"

Nikamwambia anamjua mama yangu.

"Namjua! Alipokufa baba yetu alikuja akalala juu ya kitanda chake, akakataa kutoka mpaka tumpe jogoo. Tukamtoa na kitanda chake mpaka barabarani. Yule alikuwa mtani. Wewe ni nani? Miaka sita nakurushia, hurudishi hata moja. Nakupa maji, unakunywa! Nani alikuambia unywe?"

Nikasema nilikunywa kwa sababu nilistahili.

"Ulistahili nini? Unanitukana. Mtu nikimtania mara moja akanyamaza, nasema amechoka. Mara mbili, nasema ana shida nyumbani. Mtu anyamaze miaka sita? Huyo anasema mimi si mtani wake. Anasema mimi ni mtu baki." Akapiga benchi kwa kiganja. "Siku ile nilisema wewe ni mgeni kwa dakika moja, afande aondoke. Ukaenda nao ugeni wako mpaka leo. Mimi nimekaa ndani siku sita nikitoka nakusubiri uje unijibu, tucheke yaishe. Unakuja umevaa matambara, umekunja uso, unasema asante!"

Nilishika randa, nikaiweka tena, nalo likamwongezea hasira.

"Na sasa unatuandika. Eti tunampiga mtu, tunamtemea mate. Ni lini nilikutemea mate? Tungetaka kukutemea mate, tulishindwa njia? Ungeandika ukweli basi, kwamba tulikuletea maji na ukatunyamazia." Akageuka kwenda, akarudi. "Nafasi ya mtu wa nne bado ipo. Msimu huu usipokuja tunaweka mwingine. Siyo kwa chuki. Mizinga imekuwa mingi."

Alipoondoka nilikaa juu ya benchi mpaka adhuhuri. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia kwa kutonieleza mapema, kisha nikaona kuwa alikuwa ananieleza kila tukikutana. Nilimkasirikia baba kwa adabu zake. Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni hiki: miaka yote ile nilijiona mnyonge, mtu anayekubali adhabu yake bila kelele, kumbe nilikuwa nawanyima wenzangu kitu kimoja tu walichokuwa wanakidai. Nilikuwa nimewaacha mara moja msituni kwa woga. Zile nyingine zote niliwaacha nikiwa nimeketi mbele yao na kikombe mkononi, na huko sikuwa naogopa askari yeyote. Nilikuwa naipenda hatia yangu. Ilikuwa imenifanya mtu wa maana.

Yule mama wa Lusu alikuwa amesema kweli, na kumkubalia kulinichukua siku tatu.

Nikaenda ofisini. Nikasimama kwenye dirisha, nikahuisha kibali, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni na kukivaa shingoni ndani ya shati. Mke wangu aliniuliza kama naenda Makka. Nikapanda treni.

Njia nzima mpaka Kaliua nilikuwa natunga jibu. Mtu wa miaka hamsini na kitu, nimekaa dirishani nasogeza midomo, abiria wa jirani akadhani nasoma dua, akanyamaza kwa heshima. Niliandaa majibu mazuri matatu. La kwanza lilihusu urefu wake. La pili lilihusu mapishi ya mkubwa. La tatu nililiona bora, hata nikacheka peke yangu, na yule abiria akahama kiti.

Nilifika kambini alasiri, nimesukuma baiskeli ya kuazima mchangani mpaka mikono imekufa ganzi. Hema lile lile, gogo lile lile. Mkubwa alikuwa anachuja nta. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba," akajibu bila kuinua macho. Mdogo mtu aliweka simu yake chini.

Mchekeshaji akainuka. Akaenda kwenye mtungi, akachota kwa kata, akaja nayo kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Lakini sauti yake safari hii ilikuwa ya chini, kama mtu asiye na hakika ya mguu wake. "Karibu mgeni," akasema. "Kunywa maji yako, uendelee na safari."

Nikapokea. Majibu yangu yote matatu yakapotea. Nilitazama ndani ya kata, nikaona vijitaka vya moshi na bawa la nyuki, na nikajua nikinyamaza sasa hivi nimekwisha.

"Maji gani haya?" nikasema. Sauti ilinitoka kubwa mno. "Watu wazima, mmekaa ndani siku sita mnalishwa na serikali, hata usafi hawakuwafundisha?"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia nyuki. Nikawaza, nimeharibu, mzaha umekuwa mkubwa kuliko aliyeutoa. Nikaimwaga ile kata mchangani, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Ndipo mkubwa akaanza. Kicheko chake kinaanzia tumboni, kinachelewa kufika. Akaiacha nta, akakaa chini. Mdogo mtu akaficha uso kwa mikono. Mchekeshaji alikuwa bado amesimama mbele yangu, anatazama pale maji yalipoingia mchangani, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Mzaramo," akasema. "Mla papa. Umemwaga maji yetu." Akanishika bega, akanisukuma nusura nianguke. "Ndoo ile pale. Mgeni hachoti maji. Nenda."

Maji ya kambi yako kwenye korongo, unachimba mchangani kwa mikono na kusubiri yapande. Ni mwendo. Nilichimba nikiwa nalia, nalisema hilo wazi, na huku nakasirika kwa sababu maji yalikuwa yanapanda taratibu na machozi hayakunisaidia kuona. Niliwaza mbeba vibuyu, kwamba labda naye nimwache achimbe maji tu, nisimwandikie hotuba tena. Kibali kilikuwa kinanigonga kifuani kila nikiinama. Sikujisikia msafi. Nilisikia magoti yananiuma, na kwamba nina watu wanaonisubiri na kiu.

Niliporudi jua lilikuwa bado lipo. Mkubwa akachungulia ndani ya ndoo, akaitikisa.

"Nusu ndoo?" akasema. "Muda wote huo umetuletea nusu ndoo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita mkubwa kunilaumu kwa lolote. Nikamwambia kama haimtoshi aende mwenyewe, nikakaa kwenye gogo.